Soda ya Fungu Namba Saba

Dalali alisema "mara ya kwanza" akatazama upande wetu. Akasema "mara ya pili" akatazama tena, safari hii akimkazia macho mjomba, kwa sababu asubuhi alikuwa amemwona akilizunguka lile fungu karibu saa nzima, akihesabu mbao moja moja. Tulikuwa watu kama thelathini kwenye ua wa kituo cha maliasili, jua la saa sita limetuwakia utosini. Hakuna aliyefungua mdomo. Mjomba alikuwa na chupa ya soda mkononi. Aliinamisha kichwa, akaanza kubandua lebo ya chupa kwa ukucha wa kidole gumba.

"Mara ya tatu. Limeuzwa."

Fungu namba saba, mbao za mninga, likaenda kwa shilingi 2,400,000. Hiyo ndiyo bei dalali aliyoanzia. Hakuna aliyeongeza hata elfu kumi.

Wiki saba zimepita, na bado naiona ile lebo ikitoka vipande vipande.

Kituo sitakitaja, wala wilaya. Ni kusini mwa Tanzania, kwenye barabara ambayo malori ya mbao yamepita tangu nikiwa mtoto. Mbao zenyewe zilikuwa zimekamatwa bila kibali, zikataifishwa, zikawa mali ya serikali. Serikali ikaamua kuziuza hadharani. Mimi nilikwenda kumsindikiza mjomba tu, maana yeye ni seremala na alitaka mbao za vitanda.

Mbao 160

Niwape picha ya asubuhi ile, kwani kila kitu kilichofuata kilianzia pale.

Mafungu yalipangwa chini ya banda la mabati, kila moja limeandikwa namba kwa chaki kwenye ncha ya ubao wa juu. Mjomba alifika namba saba akachuchumaa. Alilowesha kidole kwa mate akasugua ubao, na ile rangi ya udongo mwekundu ikatokea na mistari yake. Akanusa. Akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akavuta ubao mmoja wa chini kabisa, akatazama kama bungua wameingia. Hawakuwa wameingia. Ulikuwa mninga mzuri, mkavu, uliopasuliwa na mtu anayejua kazi. (Hilo nalo liliniuma kidogo: aliyekamatwa alikuwa fundi hodari.)

Kisha akaanza kuhesabu. Mbao zote zilikuwa mbili kwa sita, futi 12.

Kwa wasiokaa na maseremala, hesabu yake ni hii. Ubao wa inchi mbili kwa sita wenye urefu wa futi 12 ni futi moja ya ujazo kamili. Mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 35 na kidogo. Kwa hiyo mbao 35 za namna hiyo ni kama mita moja ya ujazo, na hesabu hiyo mjomba anaifanya akiwa anatafuna muhogo. Karatasi iliyobandikwa kwenye fungu ilisema mita za ujazo 4. Hizo zilipaswa kuwa mbao kama 141.

Mjomba alihesabu 160. Akarudia. 160.

"Mbao kumi na tisa hazimo kwenye karatasi," akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui kama akiinue. "Na waliokuja jana wanalijua hilo."

Jana ilikuwa siku ya kukagua mali. Tangazo lilisema hivyo, ila tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi, ndani ya geti, ambako anayeingia ni mwenye shida ya TP (kibali cha kusafirisha mbao) au aliyekamatwa. Sisi tuliambiwa habari za mnada na dereva wa bodaboda.

Kofia ya bluu

Saa tano hivi akaja kijana mwenye kofia ya bluu. Mpole, mwenye adabu zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Mzee wangu, nakuona umeipenda namba saba. Sasa hapa sisi tumeshakaa tukaelewana. Namba saba ni ya wenzako. Wewe pokea hii ya soda, siku nyingine na sisi tutakusikiliza."

Zilikuwa noti tano za elfu kumi, zimekunjwa mara moja. Mjomba hakuzipokea haraka. Alinitazama. Najua alinitazama, nami nikatazama malori. Kisha akazitia mfuko wa shati, na kijana akaagiza soda kweli, mbili, moja ya mjomba na moja yangu.

Yangu niliinywa.

Hilo ndilo lililokuwa likinirudia usiku. Elfu hamsini za mjomba hazinisumbui kama ile soda. Mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye ninayeandika humu kila mara kuhusu mali ya umma, na pale nilipoulizwa kwa macho sikuwa na neno.

Mnada wa pili

Mnada ulikwisha saa saba. Mafungu yote yalikwenda kwa bei ya kuanzia au juu yake kidogo tu. Maofisa wakaingia ndani kuandika stakabadhi na kutoa kontroli namba. Sisi tukakaa kivulini tukisubiri gari la kurudi.

Nyuma ya Fuso moja, chini ya mkorosho, wale wafanyabiashara wakakaa duara. Nilidhani wanakula. Walikuwa wananadi.

Mafungu yaleyale. Safari hii hakukuwa na dalali wala tangazo, na kila mmoja alitaja bei ya kweli anayoweza kulipa. Zikatajwa haraka haraka, kwa sauti za kawaida, bila kirungu wala mara ya tatu. Namba saba ilifika shilingi 4,100,000. Aliyeshinda akatoa tofauti, 1,700,000, na ile tofauti ikawekwa kwenye chungu cha pamoja cha kugawana. Wakamaliza mafungu yote kwa dakika ishirini. Ilibidi waharakishe, kwani safari ilikuwa ndefu.

Gawanya mwenyewe. Serikali ilipata shilingi 15,000 kwa kila ubao kati ya zile 160. Chini ya mkorosho, ubao uleule ulikuwa na thamani ya zaidi ya 25,000.

Nilikuwa nimeshuhudia minada miwili siku hiyo. Wa hadhara ulikuwa wa uongo, na wa kificho ulikuwa wa haki.

Sikuwa na jina la kuuita.

Ukimya una kifungu chake

Nikampigia rafiki yangu wakili. Nilitaka aniambie kwamba mjomba hakufanya kosa. Nilimpangia na hoja zangu: hakuiba, hakudanganya, hakughushi karatasi, alinyamaza tu. Na tangu lini mtu akalazimishwa kutaja bei mnadani?

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tafuta Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kifungu cha 18. Kisome ukiwa umekaa."

Nimeishi miaka yote hii nikidhani rushwa ni ya askari, hakimu, daktari, mwalimu. Kifungu cha 18 kinahusu mnada. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba anayetoa kitu ili mwenzake aache kushindana mnadani ametenda kosa, na anayeomba au kupokea kitu ili aache kushindana ametenda kosa vilevile. Hakisubiri awe mtumishi wa umma. Seremala anatosha.

Yaani wapo watu waliokaa wakatunga sheria wakijua kabisa habari ya kijana wa kofia ya bluu.

Nikaendelea kusoma kwa wiki mbili, usiku, baada ya kazi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyorithi kwa Waingereza, ina sehemu fupi ya mnada ambayo kila anayekwenda kununua kitu kwa dalali angepaswa kuijua. Kila fungu ni mkataba wake. Mauzo hukamilika dalali anapogonga nyundo au anapofanya ishara nyingine iliyozoeleka, na kabla ya hapo aliyetaja bei anaweza kuifuta. Muuzaji anaweza kuweka bei ya chini asiyokubali kushuka. Lakini kama hakutangaza mapema kwamba na yeye atashindana, haruhusiwi kushindana, wala kumtuma mtu ajifanye mnunuzi ili kupandisha bei, na dalali akijua haruhusiwi kuipokea bei hiyo. Ikitokea, mnunuzi ana haki ya kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini nikafikiri. Sheria hii ya zamani inamlinda mnunuzi dhidi ya mdomo wa bandia. Ile ya 2007 inamlinda muuzaji dhidi ya ukimya wa kununuliwa. Na muuzaji wa mbao zilizotaifishwa ni nani? Ni mimi. Ni mjomba. Ibara ya 27 ya Katiba inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri ya Muungano na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Mjomba alipokea elfu hamsini ili mali yake mwenyewe iuzwe kwa bei ya kutupa.

Iko na ya tatu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Inakataza washindani kupanga bei pamoja, kula njama kwenye zabuni au mnada, na kumsusia mtu kwa pamoja. Hilo neno la mwisho, kumsusia, nililipita mara ya kwanza bila kulitilia maanani. Nilirudi kwalo baadaye, na nitawaambia kwa nini.

Mjomba anajibu

Wiki ya nne nikaenda kwake. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, paa la makuti, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kupiga randa. Nikamweleza kifungu cha 18. Nilijitahidi kusema kwa heshima, lakini nadhani sauti yangu ilikuwa na ualimu ndani yake.

Akapiga randa mpaka mwisho wa ubao. Akapuliza vumbi.

"Mwanangu, siku ile nilikuwa na milioni mbili na laki saba. Zote. Nimezikusanya tangu Pasaka. Dalali ameanzia milioni mbili na laki nne. Ningesema mbili na nusu, wangesema tatu, mimi nimekwisha. Sivyo?"

"Ndiyo, mjomba. Lakini serikali ingepata hizo tatu."

"Sawa. Serikali ingepata tatu. Mimi ningepata nini? Wiki inayofuata nataka mbao sita za mlango. Naenda kununua kwa nani? Kwa haohao. Wataniambia mninga umekwisha. Wataniambia umekwisha mwaka mzima. Wewe hukai hapa, mimi nakaa hapa."

Nikakumbuka lile neno. Kususiwa kwa pamoja. Sheria ilikuwa imelitaja, na mjomba, ambaye hajawahi kuiona sheria hiyo, alikuwa akiishi chini yake kila siku.

Nikamuuliza elfu hamsini zilikwenda wapi. Akanionyesha kwa kidole: kopo la gundi, misumari, msasa.

Nilipokuwa nakwenda pale nilikuwa nimemhukumu. Nilipokuwa natoka nilitaka kumsamehe kila kitu, na hilo nalo halikukaa sawa. Mbao za fungu namba saba zilitoka kwenye msitu wa mtu, huenda wa kijiji fulani ambacho hakina zahanati. Woga wa mjomba ni wa kweli, na hasara ya kijiji hicho ni ya kweli. Nimekaa na mambo hayo mawili wiki tatu sasa, na hakuna linalokubali kumpisha mwenzake.

Barabara ileile

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji, na sisi wa kusini tulilishangilia, kwani tulikuwa tumechoka kulala kwenye kivuko. Baada yake yakaja malori ya magogo. Mninga, mkongo, mpangapanga. Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka tulivyokuwa tukihesabu malori kwa mawe, tukiweka jiwe moja kila lori linapopita, na jioni tunashindana nani ana rundo kubwa.

Mwaka 2007 TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilitoa ripoti kuhusu biashara ile. Kwa makadirio yao, hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao ambayo yangeweza kukusanywa hayakukusanywa. Niliposoma namba hiyo miaka ya nyuma niliiwazia kama kazi ya vigogo: makontena bandarini, saini za wakubwa, simu za usiku. Hayo yalikuwapo. Lakini sasa nikisoma asilimia 96 namwona pia mtu mmoja mwenye soda mkononi, akibandua lebo. Fedha nyingi kiasi hicho haziwezi kupotea bila watu wengi wa kawaida kutazama pembeni, kila mmoja kwa sababu yake inayoeleweka.

Na kulikuwa na njia nyingine kwenye barabara hiyohiyo. Vijiji vya Kilwa vilitenga misitu yao ya hifadhi chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vikapima miti ikiwa imesimama, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC cha usimamizi mzuri wa msitu. Huko mnunuzi anakuja kijijini, anaonyeshwa mti, kisiki kinapigwa nyundo ya alama, na mapato yanasomwa kwenye mkutano mkuu ambako bibi mwenye kanga kiunoni anaweza kusimama akauliza fedha za mipingo miwili ya mwezi uliopita ziko wapi. Sisemi huko hakuna wizi. Nasema huko muuzaji yupo, anaonekana, na ana mdomo.

Kwenye ua wetu siku ile, muuzaji alikuwa nani? Ofisa alisoma namba, dalali akaita bei, kila mmoja alitimiza kazi yake. Hakuna aliyekuwa pale kama mwenye mali.

Ukubwa wa fungu

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo moja dogo, maana naamini ndilo lililoamua kila kitu kabla dalali hajafungua mdomo.

Fungu lilikuwa mbao 160.

Kwa nini 160? Nilimuuliza ofisa mmoja kijana siku ileile, bila ubaya. Akasema ni rahisi kuandika. Fungu moja, stakabadhi moja, TP moja, lori moja. Ukigawa mbao ishirini ishirini, karatasi zinakuwa mara nane, na wao ni watatu ofisini. Alisema kweli, na alionekana amechoka.

Lakini sheria inaposema kila fungu ni mkataba wake, maana yake ni kwamba anayepanga mafungu ndiye anayechagua nani awe mnunuzi. Mbao 160 zinataka mwenye milioni nne na lori. Wenye milioni nne na lori katika wilaya ile hawazidi kumi, na wote wanajuana, wameoana, wamezikana. Watu kumi wanaweza kukaa chini ya mkorosho mmoja. Mbao 20 zinataka mwenye laki tatu na toroli. Wa namna hiyo ni maseremala wote wa mji, mwalimu anayejenga, mama anayetaka kenchi za kibanda chake, kanisa na msikiti. Kijana wa kofia ya bluu angehitaji kreti ngapi za soda?

Na ile hesabu ya mita za ujazo. Mbao 19 zilizokosekana kwenye karatasi huenda zilikosewa tu. Mtu alipima kwa haraka jioni, akakadiria. Sidai zaidi ya hapo. Ila kosa la kipimo halimwangukii kila mtu sawa: aliyepata nafasi ya kukagua jana anashindana akijua ananunua mbao 160, na aliyefika leo anashindana kwa karatasi inayomwambia 141. Hapo mnada umeshapinda, hata kama wote wana nia njema.

Tangazo nalo. Sheria ya Madalali, Sura ya 227, ina masharti ya kuuza ardhi kwa mnada ambayo yalinifanya niyasome mara tatu. Siku zisizopungua 14 za tangazo, katika mji mkuu wa wilaya na mahali mauzo yatakapofanyika. Tangazo liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Na lisiwe la maandishi pekee, litolewe pia kwa njia nyingine ambayo asiyesoma ataielewa.

Asiyesoma ataielewa! Waliotunga walimfikiria mtu aliyeko shambani. Masharti hayo ni ya ardhi, siwezi kuyahamishia kwenye mbao kwa nguvu. Lakini nani atanieleza kwa nini nyumba ya mdaiwa itangazwe wiki mbili na watu wapigiwe mbiu, halafu mninga wa miaka themanini, mali ya kila mtu, ubandikwe ndani ya geti?

Mnada wa kwenye skrini

Niliwaandikia watu wawili watatu wanaoijua sekta hii, na wote walinijibu neno moja: mtandao. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wamekuwa wakiuza mitiki ya mashamba ya Mtibwa na Longuza kwa mnada, na wamehamia kwenye mnada wa kielektroniki. Mshindani hamwoni mwenzake. Hajui wako wangapi. Kofia ya bluu haina pa kusimama.

Nililipokea wazo hilo kwa furaha kubwa, kwa siku kama mbili.

Ni kweli linavunja duara. Mtu asiyejua anashindana na nani hajui ampe nani soda. Na mjomba angeweza kutaja bei bila mtu kumwona uso, jambo ambalo lingemwondolea ule woga wa kunyimwa mbao za mlango. Kwa mitiki ya mashamba, ambayo wanunuzi wake ni wakubwa na wengine wako nje ya nchi, naamini kabisa ndiyo njia.

Lakini nikimfikiria mjomba, mashaka yanarudi. Ana simu ya tochi. Mbao anazinunua kwa pua na kifundo cha kidole, na skrini haina harufu ya mninga. Wale kumi wanapigiana simu hata kabla ya mnada wa uani, watashindwaje kupigiana kabla ya mnada wa mtandaoni? Na fungu likibaki mbao 160, skrini itakuwa imewafungulia mlango watu walewale kumi, safari hii wakiwa wamekaa kwenye viti.

Kwa hiyo nimeandika barua. Sikuiandika kama malalamiko. Nimeomba mambo manne kwa vituo vya wilaya yetu: mafungu madogo yawepo pamoja na makubwa, hesabu ya mbao ibandikwe pamoja na mita za ujazo, tangazo lisomwe misikitini na makanisani na kwenye magulio siku 14 kabla, na bei ziandikwe kwenye bahasha zitakazofunguliwa mbele ya watu wote. Barua ilipigwa muhuri wa kupokelewa. Nakala ninayo.

Kuhusu zile elfu hamsini bado hatujakubaliana. Nilimwambia mjomba tukaripoti, wote wawili, mimi na soda yangu. Akasema atafikiri. Mke wake, shangazi kwa heshima, akasema tusilitaje jambo hilo nyumbani kwake. Sikumlazimisha mjomba, na sina hakika kama huko kutomlazimisha ni heshima au ni ukimya mwingine wa namna ileile.

Juzi Alhamisi jioni mjomba alimtuma mwanawe anipigie picha tangazo jipya na kunitumia. Mafungu 31. Mninga, mkongo, mvule kidogo. Mnada ni Jumatatu, ukaguzi Jumapili. Nikahesabu kwa vidole: siku nne.

Lakini tangazo safari hii lilikuwa nje ya geti, kwenye mti wa mwarobaini ulio kando ya barabara. Na mafungu matano ya mwisho, kwa mwandiko wa kalamu chini ya yale yaliyochapwa, yalikuwa ya mbao 25 kila moja.

Chini ya picha kijana alikuwa ameandika alichoambiwa na baba yake: "Anasema uje Jumapili asubuhi. Anasema uje na futi yako mwenyewe."